Kutoka Kipande Hadi Zuio: Mwana wa Songea na Safari ya Mgomo Tanzania

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita baada ya bendera ya Tanganyika huru kupandishwa, Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama chake, TANU. Kiti chake alikikalia Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Matepwende, kijiji kilichokuwa ndani ya wilaya ya Songea na ambacho leo kimo Namtumbo. Wachache sana serikalini waliujua mgomo kama alivyoujua yeye. Alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL. Alikuwa amekaa na watumishi wa hoteli, makuli wa bandarini na wakata mkonge. Alijua mfanyakazi anakula nini siku ya kumi ya mgomo, na mwajiri huanza kulegea siku ya ngapi.

Katikati ya mwaka huohuo, serikali aliyoiongoza ilipeleka bungeni sheria zilizouwekea mgomo vizingiti vingi mno, hata kuufanya uwe halali kukawa kazi ngumu kuliko kugoma kwenyewe.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama usaliti, na wengine hukisimulia kama busara ya kiongozi aliyeona mbali. Mimi nakiona kama mlango. Ukiuingia unaona nyuma yake miaka arobaini ya ukoloni, na mbele yake miaka hamsini ya uhuru, hadi siku walimu wa Songea na wenzao wa nchi nzima walipoambiwa na Mahakama Kuu warudi darasani. Njia nzima swali ni lilelile: mfanyakazi akisimamisha kazi, nani ana mamlaka ya kumwambia aendelee, na mwenye mamlaka hayo anawajibika vipi kulisikiliza dai lake?

Nchi ya manamba

Songea iliingia katika historia ya kazi ya mshahara kupitia mlango wa msiba. Vita vya Majimaji vilimalizika kwa vitanzi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni mjini Songea, na kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika pale Mahenge, penye makumbusho, kuwakumbuka. Baada ya vitanzi ikaja njaa, maana maghala yalichomwa na mashamba yakaachwa. Nchi iliyokuwa ikihofiwa na majirani zake ikawa nchi ya watu wanaotafuta pa kushika.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliikuta Songea iko mbali na reli na mbali na bandari. Tumbaku ilikuja kuwapa baadhi ya wakulima nafuu, na mwaka 1936 kikaanzishwa chama chao cha ushirika cha Ngoni na Matengo, NGOMAT. Lakini kodi ya kichwa haikumsubiri asiye na tumbaku. Kijana aliyeitaka fedha ya kodi, ya shuka na ya mahari aliipata kwa kwenda kukata mkonge, Lindi au mbali zaidi huko Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU, na Songea ikawa mojawapo ya visima vyake vikubwa. Lori lilibeba wanaume, kijiji kikabaki na kina mama, wazee na watoto.

Waliosajiliwa waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kazi yake ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hakumaliza ngwe aliyopimiwa haikuandikwa, na siku isiyoandikwa haikulipwa.

Juu ya kipande kulikuwa na sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923. Hapa ndipo mizizi ilipo. Chini ya sheria ile, mkataba wa kazi haukuwa makubaliano ya watu wawili walio sawa. Kibarua aliyetoroka shambani, au aliyekosa kazini bila ruhusa, alitenda jinai. Hakimu aliweza kumtoza faini au kumpeleka jela. Kwa hiyo, kabla hajasikia habari za chama cha wafanyakazi, mtu wa Songea aliyekuwa Tanga alikwisha kujifunza jambo moja: ukiacha kazi, atakayekuja kukuuliza ni askari, na atakayekuhukumu hatakuuliza ulilipwa nini.

Makuli wanasimama

Shambani watu walitawanyika, kila kabila na kambi yake. Bandarini walikuwa pamoja, na meli haingoji. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili. Mara hiyo ya pili serikali ilitumia kanuni za wakati wa vita zinazolinda huduma muhimu, na baadhi ya wagomaji wakafikishwa mahakamani. Neno hilo, huduma muhimu, msomaji aliweke akilini. Tutakutana nalo tena.

Septemba 1947 mgomo ulianza bandarini, ukapanda garimoshi. Ulifuata Reli ya Kati kutoka kituo hadi kituo, Morogoro, Dodoma, Tabora, hadi Mwanza. Serikali iliona kitu ambacho haikuwahi kukiona: watu wa kazi mbalimbali wakiacha kazi kwa sababu moja, nayo ni kwamba mshahara hautoshi mji. Mgogoro ukapelekwa kwenye baraza la usuluhishi, na makuli wakapata nyongeza kubwa. Hapo kuna somo ambalo watawala wa baadaye walilisahau. Wakoloni, pamoja na ukatili wao wote, walilazimika mwaka ule kulipima dai lenyewe, siyo kuamuru tu kazi irudi.

Chama cha makuli kilizaliwa kutokana na ushindi huo, na Abdulwahid Sykes, kijana wa Kariakoo, akawa katibu wake. Hakikudumu. Februari 1950 mgomo mwingine uligeuka ghasia, na chama kikavunjwa.

Karani kutoka Matepwende

Baba yake Kawawa alikuwa mwindaji wa tembo, na kazi hiyo ilimtoa Songea na kumpeleka Liwale, ambako mtoto alianza shule. Baadaye alisoma Dar es Salaam, kisha Tabora. Akawa karani serikalini, halafu akaingia Idara ya Maendeleo ya Jamii, ambako aliigiza katika filamu za Kiswahili, ikiwemo Muhogo Mchungu ya mwaka 1952. Watu walimfahamu kwa sura kabla hawajamfahamu kwa siasa.

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwapiga marufuku watumishi wake Waafrika kujiunga na siasa. Mlango mmoja ukafungwa, Kawawa akapitia mwingine, ule wa chama cha watumishi wa serikali, TAGSA. Mwaka 1955 Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi, alikuja kutoka Kenya kuwashauri viongozi wa vyama vidogovidogo waungane. Oktoba mwaka huo TFL ikazaliwa na Kawawa akawa katibu mkuu. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya serikali, akaacha na mshahara wake, ili awatumikie wafanyakazi moja kwa moja.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya moto. Desemba 1956 watumishi wa majumbani na wa hoteli waligoma Dar es Salaam. Mwaka 1958 watu walisusia bia kwa sababu ya mgogoro wa kiwanda cha pombe, na huko Mazinde wakata mkonge waliweka panga chini. Fikiria maana ya Mazinde kwa mtu wa Songea. Manamba, yule ambaye baba yake akitoroka alifungwa, sasa aliacha kazi akiwa amesimama palepale kambini, ana chama, na ana katibu mkuu anayetoka kwao.

Mwaka 1960 ulipita yote. Wafanyakazi wa reli, chini ya Christopher Kasanga Tumbo, walikaa nje zaidi ya siku 80. Siku za kazi zilizopotea kwa migomo mwaka huo zilikaribia milioni moja na nusu. Waliopigania uhuru walifurahi, kwa kuwa kila mgomo ulimdhoofisha mkoloni. Lakini uhuru ulikuwa mlangoni, na mwajiri mkubwa kuliko wote nchini alikuwa karibu kubadilika rangi.

Mwaka ambao meza iligeuzwa

Serikali mpya ilirithi hazina ndogo, na nchi ambayo watu wake wengi walikuwa wakulima wasio na mshahara. Hoja ya viongozi wa TANU ilikuwa nzito, na ni haki kuieleza kwa uzito wake. Walisema mfanyakazi wa mjini ni mmoja kati ya wengi. Akipata nyongeza kila anapoweka chini nyundo, atalipwa kwa jasho la mkulima wa Songea ambaye hana wa kumgomea. Kwa upande mwingine, Tumbo na wenzake walisema uhuru usiompa mfanyakazi sauti ni kubadilisha mnyapara tu.

Sheria za 1962 ziliamua ugomvi huo. Sheria ya usuluhishi wa migogoro ya kazi iliagiza kila mgogoro upelekwe kwanza kwa kamishna wa kazi, kisha kwenye mapatano, kisha kwenye baraza ambalo uamuzi wake ungewafunga wote. Kugoma nje ya njia hiyo kukawa kosa. Sheria nyingine iliviweka vyama chini ya shirikisho moja na chini ya jicho la waziri. Ya tatu iliwazuia watumishi wa ngazi za juu serikalini kujiunga na vyama. Katika mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi.

Tumbo, aliyekuwa amepelekwa London kama balozi, alijiuzulu na kurudi kuanzisha chama cha upinzani. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani, aliondolewa kwenye mkonge wake na kuamriwa akaishi Sumbawanga. Hakukuwa na mahakama katika safari hiyo. Ilikuwa amri, na basi.

Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi. Serikali ilipotulia iliwakamata pia viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi, zaidi ya 200. Mwezi uliofuata TFL ilifutwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja tu, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais na alikuwa ndiye waziri wa kazi. Aliyepaswa kudai na aliyepaswa kudaiwa wakawa mtu mmoja, mwenye ofisi mbili.

Tusiseme kwamba mfanyakazi hakupata kitu. Sheria ya usalama wa ajira ya 1964 ilimkinga na mwajiri anayefukuza kwa hasira, kima cha chini kilipandishwa, na mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kudumu la Kazi kupima mishahara na mikataba. Kilichoondoka ni kile ambacho kijana wa Matepwende alikitumia kumtikisa mkoloni. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipowakemea viongozi wenye kiburi, wafanyakazi waliusoma kama ruhusa. Walifunga kazi kiwanda baada ya kiwanda, na mwaka 1973 wale wa Mount Carmel Rubber wakakikamata kiwanda chenyewe. Wimbi lile lilionyesha kwamba mgomo haukuwa umekufa, ila ulikosa pa kupitia.

Sheria mpya, mlango mwembamba

NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU, na vyama vingi vya siasa viliporudi miaka ya 1990, vyama vya wafanyakazi navyo vikaanza kupumua. Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilisajiliwa mwaka 1993, na shirikisho la sasa, TUCTA, likafuata mwanzoni mwa karne hii. Kisha ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004.

Sheria hii ndiyo msingi wa yote yaliyofuata, kwa hiyo inafaa tuisome taratibu. Katiba ya Tanzania inatoa uhuru wa kujiunga na vyama, lakini haitaji haki ya kugoma. Haki hiyo imetamkwa na sheria ya 2004, na imetamkwa pamoja na mipaka yake. Mfanyakazi anaruhusiwa kugoma kwa mgogoro wa maslahi, yaani jambo ambalo bado linajadiliwa, kama nyongeza ya mshahara au mkataba wa hali bora. Kabla hajagoma, mgogoro lazima upite kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukae siku 30, kura ipigwe, na mwajiri apewe notisi ya saa 48. Wenye kazi za huduma muhimu hawaruhusiwi: afya, maji, umeme, zimamoto, uongozaji wa ndege. Hili ndilo neno la mwaka 1943, limerudi limevaa suti.

Hapohapo pana jambo ambalo walimu wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Ikiwa unadai kitu ambacho tayari ni chako kwa sheria, kama fedha ya likizo, nauli ya uhamisho au malimbikizo ya mshahara baada ya kupandishwa daraja, hilo siyo mgogoro wa maslahi. Hilo ni lalamiko, na lalamiko hupelekwa kwenye Tume na mahakamani. Maana yake, kadiri deni lilivyo wazi, ndivyo unavyozuiwa kuligomea. Kwa mwanasheria jambo hili lina mantiki, kwa sababu deni lililo wazi linahitaji hukumu na halihitaji mabavu. Kwa mwalimu aliyehamishiwa shule ya kando ya Mto Ruvuma kwa nauli ya mkopo, mantiki hiyo haimsaidii siku zote anazosubiri hukumu ifike.

Na mgomo usiofuata njia hiyo? Sheria inaipa Mahakama ya Kazi, divisheni ya Mahakama Kuu iliyoanza mwaka 2007, mamlaka ya kutoa zuio, na hata kuamuru fidia kwa aliyepata hasara. Tena mgomo kwa mujibu wa sheria ni kusimamisha kazi yote au sehemu yake. Hata mgomo baridi, ule wa mwalimu kuingia darasani na kukaa kimya, umo ndani ya wavu.

Saa chache kabla ya alfajiri

Wavu ulitupwa mapema. CWT ilitangaza mgomo wa nchi nzima uanze tarehe 15 Oktoba 2008, kwa ajili ya madai ya muda mrefu. Serikali ilikwenda mahakamani, na kabla ya alfajiri ya siku hiyo zuio lilikuwa tayari. Katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam, rais wa CWT, Gratian Mukoba, alilazimika kuwaeleza walimu waliokuja kwa ajili ya mgomo kwamba mgomo haupo. Walimzomea, na vurugu zikazuka.

Tukio lile linaonyesha mahali zuio linapomchoma mtu. Amri imeandikwa kwa jina la chama, lakini aliyeibeba hadi kwa wenzake ni kiongozi. Akiitii, wanachama wanamwita kibaraka. Asipoitii, hakimu atamwita mdharau mahakama. Mukoba alichagua sheria, akazomewa kwa uchaguzi huo.

Mei 2010 ilikuwa zamu ya TUCTA. Ilidai kima cha chini cha shilingi 315,000 kwa mwezi na kutangaza mgomo wa tarehe 5. Siku mbili kabla, Rais Jakaya Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi uleule wa Diamond Jubilee, akasema serikali haina uwezo huo hata kama kusema hivyo kungemnyima kura za wafanyakazi. Mgomo uliahirishwa, mazungumzo yakaendelea. Kawawa hakuliona jambo hilo. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009, akiwa Simba wa Vita kwa taifa zima, miezi minne kabla ya mgomo ule kutishiwa.

Jumatatu ya tarehe 30 Julai 2012, walimu waligoma kweli. Walidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa walimu wa sanaa, na asilimia 30 ya posho kwa wanaofundisha mazingira magumu. Kipengele hicho cha mwisho kinahusu mikoa kama Ruvuma, ambako kuna shule ambazo mvua ikinyesha mwalimu hafiki mjini kuuliza mshahara wake. Katika baadhi ya miji wanafunzi waliandamana wakiwataka walimu wao. Wao hawakuwa na chama wala notisi ya saa 48, na ndio waliopoteza siku zile bila mtu wa kuwalipa. Anayewatetea walimu asiwasahau.

Alhamisi, tarehe 2 Agosti, Jaji Sophia Wambura wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, alitamka kwamba mgomo haukuwa halali na ukome. Siku nne tu. CWT ilitii, Mukoba akawaambia walimu warudi. Jaji aliketi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea kwa barabara ya Makambako, lakini neno lake lilimbana mwalimu wa Songea saa ileile alipolisikia redioni.

Jela haifundishi, haitibu

Mwaka huohuo wa 2012, wiki chache kabla ya walimu, madaktari waliupima upande wa pili wa amri. Tarehe 22 Juni Mahakama ya Kazi iliuzuia mgomo wao. Tarehe 23 wengi waliendelea nao. Usiku wa tarehe 26 mmoja wa viongozi wao, Dakta Steven Ulimboka, alitekwa, akateswa na kutupwa msitu wa Mabwepande. Tarehe 10 Julai rais wa Chama cha Madaktari, Dakta Namala Mkopi, alipandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kisutu akishtakiwa kutotii amri ya mahakama na kuwachochea wengine wasiitii. Alikana mashtaka. Kutoka hoja ya mishahara na vifaa vya hospitali, nchi ilijikuta ikijadili utekaji na kizimba, na mgonjwa akabaki kwenye benchi.

Jirani zetu wa Kenya walifika mbali zaidi. Katiba yao ya 2010 inaitaja haki ya kugoma waziwazi. Desemba 2016 madaktari wao waligoma wakitaka makubaliano ya mwaka 2013, yaliyotiwa saini na upande wa serikali, yatekelezwe. Mahakama iliwaamuru warudi, hawakurudi. Tarehe 13 Februari 2017 Jaji Hellen Wasilwa aliwapeleka viongozi saba wa chama chao, akiwemo katibu mkuu Ouma Oluga, gerezani kwa mwezi mmoja. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufani iliwatoa ili mazungumzo yaendelee. Mgomo ulikwisha Machi, siku ya 100, kwa maafikiano ya kurudi kazini. Jela haikumrudisha daktari hata mmoja wodini. Kilichowarudisha ni meza.

Saa mbili katika jengo moja

Sidai mahakama zivunjwe wala amri zake zipuuzwe. Nchi ambayo kila mtu huchagua amri ya kutii humwumiza kwanza mnyonge, na manamba wa Songea angekuwa wa kwanza kulijua hilo. Zuio ni bora kuliko Sumbawanga. Jaji huandika sababu zake, na uamuzi wake hukatiwa rufani. Kutoka amri ya waziri hadi uamuzi wa jaji ni hatua, na walioipigania wanastahili heshima.

Lakini katika jengo hilohilo la haki kuna saa mbili. Moja, ya kusimamisha mgomo, huenda kwa siku na pengine kwa saa. Nyingine, ya kulipima deni la mfanyakazi, huenda kwa miaka, na miaka mingi baada ya 2012 walimu waliendelea kudai malimbikizo, fedha za likizo na za uhamisho. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Sheria ya 1923 ilimfunga kibarua bila kumuuliza alilipwa nini. Sheria ya leo inamuuliza, ila inaacha jibu lisubiri.

Dawa yake haihitaji mapinduzi. Zuio linapotolewa dhidi ya chama, amri hiyohiyo itaje tarehe ya kusikiliza dai lililozaa mgomo, iwe karibu, na imbane mwajiri kama inavyombana mfanyakazi. Baraza la mwaka 1947 liliwapimia makuli mshahara wao, na hilo lilifanywa na wakoloni. Itakuwa aibu kwa dola huru kushindwa kwa kipimo hicho.

Kawawa aliishi pande zote mbili za meza ile: aliyegomesha, na aliyetunga sheria ya kuzuia kugoma. Maisha yake yalithibitisha kwamba aliyeko madarakani anaweza kumwelewa aliyeko kiwandani, maana alitoka huko. Alichokosa kuturithisha ni utaratibu unaomlazimisha aliyeko madarakani kuelewa hata asipotaka. Kazi hiyo imebaki kwetu, na walimu wa Songea, watoto na wajukuu wa watu waliohesabiwa kwa namba, wamekwisha kutimiza sehemu yao: walipoamriwa na mahakama, walirudi darasani.